Shangazi, harusi ni Desemba na waya bado zimo mdomoni



Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 38, ni mhasibu hapa Dar es Salaam. Nimezaliwa na kukulia Maji ya Chai, Arumeru, na naamini unajua maana yake: meno yangu ni ya kahawia tangu yalipoota. Juu ya hapo yalikuwa yamepandana. Tangu shule ya msingi nacheka huku nimeziba mdomo kwa kiganja. Miaka miwili na nusu iliyopita nilivunja akiba yangu ya kikoba nikawekwa waya. Mume wangu hakupinga, ila akikaa na rafiki zake hunitania kwamba kaoa mwanafunzi.

Desemba hii mdogo wangu anaolewa na mimi ndiye matroni. Nilimwomba daktari anitoe waya mapema, akakataa. Kasema meno ya chini hayajakaa sawa, bado miezi minne au mitano. Tena kanieleza kwamba zikishatoka nitavaa riteina, kile kifaa cha kuyashika meno yasirudi yalikotoka, kila usiku, maisha yangu yote, na riteina hizo zinalipiwa kivyake. Shangazi, mimi nilijua nikitolewa waya ndiyo nimemaliza! Hivi vishikizo vinavyogandishwa kwenye meno ili kushika waya navyo vimenidondoka mara nyingi mpaka daktari akaniuliza kama natafuna mifupa. Mume wangu anasema nimeibiwa. Mtaani kwetu kuna kijana wa saluni anayebandika waya za urembo, kasema atanitoa kwa bei ya chini na nitatoka hapo niko huru. Nifanye nini?

Mama Wawili, Dar es Salaam

*



Nianze na huyo kijana wa saluni, maana mengine yanaweza kusubiri lakini hili haliwezi. Usiende kwake. Hata kwa bure usiende.

Nilikaa kwenye kiti cha pembeni siku binti wa kaka yangu alipotolewa waya zake, kwa hiyo kazi yenyewe naijua kwa macho. Daktari hakuvuta kitu. Alishika koleo maalumu lenye midomo myembamba, akabana kishikizo pande zote mbili mpaka kikaachia gundi kwa mlio mdogo, tak, kisha akahamia jino la pili, na vyote vikatoka vikiwa bado vimeshikana na waya wake. Sindano ya ganzi haikuhitajika. Hiyo ilikuwa sehemu fupi. Sehemu ndefu ilikuwa gundi. Inabaki juu ya jino ikiwa ngumu na ya rangi ileile ya jino, huioni. Daktari alikuwa anaisaga kidogo kidogo kwa mashine, anasimama, anakausha jino kwa hewa, maana likikauka ndipo masalia yanapojitokeza, anasaga tena, halafu mwisho anang'arisha. Hapo ndipo ujuzi ulipo. Akizidisha anakula ganda la jino, akipunguza anaacha gundi ambayo itashika uchafu na kubadilika rangi. Ganda la jino halioti tena, mwanangu. Kilichomeguka kimemeguka.

Na ganda lako wewe lina udhaifu wake. Maji ya visima na mito inayoshuka Mlima Meru hupita kwenye miamba ya volkano na kubeba madini mengi ya floraidi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa, na kwenu huko viko vyanzo vinavyopita kiwango hicho kwa mbali. Serikali ilijenga kituo cha utafiti Ngurdoto, jirani kabisa na kwenu, kwa ajili ya kutafuta namna ya kuyapunguza madini hayo, na njia mojawapo ni kuchuja maji kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa. Mtoto anayekunywa maji yale wakati meno yake ya ukubwani yanajengeka ndani ya taya huyapata yakiwa na dosari tayari: ganda halikukomaa vizuri, chini ya uso wake lina vitundu vidogo vidogo, na baada ya kuota linavuta rangi ya kahawia. Gundi ya vishikizo hushika kwa shida kwenye ganda la namna hiyo. Kwa hiyo vilivyodondoka havikudondoka kwa uzembe wako, na mifupa haihusiki. Mwambie daktari wako ulikokulia, kama hakuwahi kukuuliza, ili siku ya kutoa awe mwangalifu zaidi. Jino la namna hiyo likivutwa na koleo la fundi umeme linaweza kumeguka. Na anayetibu meno Tanzania Bara sharti awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Muulize kijana wako namba yake ya usajili uone atakavyokujibu.

Sasa tuje kwenye riteina, maana hapa ndipo moyo wako ulipovunjika, na mume wako akapata neno la kusema.

Hujaibiwa. Umepewa habari kwa kuchelewa, na hilo ni kosa la waliokuhudumia. Ulipaswa kuambiwa kabla hujatoa shilingi ya kwanza. Lakini habari yenyewe ni ya kweli. Jino halikugandishwa kwenye mfupa. Linaning'inia ndani ya shimo lake kwa nyuzi laini mno, na waya zinapolisukuma, mfupa wa upande mmoja unaliwa na wa upande mwingine unajengwa. Siku waya zinapotoka, mfupa ule mpya bado ni mchanga, jino linacheza kidogo ukiligusa kwa ulimi, ni nguzo iliyosimikwa kwenye udongo ambao haujashindiliwa. Mfupa unahitaji miezi kukomaa. Ufizi ni mkaidi zaidi: nyuzi zake zilizonyooshwa wakati jino linazungushwa zinaweza kukaa hata mwaka mzima na zaidi zikilivuta lirudi lilikotoka. Meno yako yalikuwa yamepandana, kwa hiyo mengi yamezungushwa.

Kuna utafiti uliotolewa mwaka 1981 na Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, Marekani. Waliwafuatilia watu 65 waliong'olewa meno manne ili kupata nafasi, wakawekwa waya, wakavaa riteina kwa muda kisha wakaziacha. Miaka kumi baadaye, theluthi mbili yao meno ya mbele ya chini yalikuwa yamesongamana tena kiasi cha kutoridhisha. Na hawa walitibiwa na mabingwa, tena wakiwa vijana. Halafu hata mtu ambaye hakuwahi kuwekwa waya meno yake ya chini huzidi kubanana kadiri umri unavyosonga. Mtazame mama yako uone. Ndiyo maana daktari kasema maisha yote. Hakusema hivyo ili uwe mteja wake wa kudumu.

Kuvaa kila usiku si mzigo unaoufikiria. Mara nyingi miezi ya mwanzo ndiyo mtu huvaa mchana na usiku, akitoa wakati wa kula tu, kisha daktari humruhusu abaki na usiku peke yake. Siku za kwanza utakuwa na kithembe. Soma gazeti kwa sauti ukiwa jikoni, ulimi utazoea. Kama umepewa ile ya plastiki isiyo na rangi, isafishe kwa maji baridi na mswaki, kamwe si maji ya moto, na usiiache kwenye gari juani. Kwa joto la Dar itajikunja na haitaingia tena mdomoni. Ukienda kula hotelini usiifunge kwenye tishu, mhudumu ataizoa pamoja na sahani. Chai usinywe nayo, wala soda. Na ukilala siku kadhaa bila kuivaa, kisha asubuhi moja ukaona inabana, hiyo ni taarifa: meno yameanza safari. Ivae usiku huohuo. Isipoingia kabisa usiilazimishe, nenda kwa daktari wiki hiyohiyo.

Iko pia ya waya mwembamba unaogandishwa nyuma ya meno ya mbele, hauonekani na hausahauliki nyumbani. Kwako wewe sina hakika kama ndiyo chaguo la kwanza, kwa sababu nayo inashikwa kwa gundi, na gundi na meno yako hazipatani sana. Wengine huvaa zote mbili. Liulize swali hilo waziwazi.

Kuhusu Desemba, msimamo wangu ni kwamba mdogo wako aolewe na wewe uwe umesimama pembeni yake na waya zako. Miezi iliyobaki ndiyo ya kumalizia meno ya chini, yaleyale ambayo ndiyo ya kwanza kurudi. Ukizitoa leo kwa ajili ya picha za siku moja, unaweza kuwa umetumia miaka miwili na nusu kununua meno yaliyonyooka nusu. Kuna njia ya katikati ambayo wengi hawaiulizi. Panga miadi siku chache kabla ya harusi, usafishwe meno vizuri na ubadilishiwe ile mipira midogo inayofunga waya. Chagua rangi ya kijivu au ya fedha. Isiyo na rangi itakushawishi, lakini sahani moja ya mchuzi wenye bizari na imekuwa ya njano, na kwenye sherehe zetu huwezi kukwepa mchuzi. Ukiona bado huwezi kuvumilia, mwulize daktari kama anaweza kukutoa za juu tu na kukupa riteina ya juu huku za chini zikiendelea. Akisema hapana, kubali.

Liko jambo ambalo hukuliuliza, na mimi sitaki ukutane nalo peke yako mbele ya kioo. Waya zimepanga meno yako, hazikubadilisha rangi yake. Siku ya kutolewa utaona meno yamenyooka na bado ni ya kahawia, pengine hata yamezidi kuonekana kwa sababu sasa yako mstari mmoja. Palipokuwa na kishikizo panaweza kutofautiana na pembeni. Kama uchafu ulikuwa unaganda kuzunguka vishikizo, huenda ukaona madoa meupe ya chaki, ambayo ni mwanzo wa kuoza na si maji ya Meru. Ufizi nao unaweza kuwa umevimba, uvimbe huo hushuka ndani ya wiki chache ukipiga mswaki ipasavyo. Kwa umri wetu, meno yaliyokuwa yamepandana yakinyooshwa yanaweza kuacha mapengo madogo meusi ya pembetatu karibu na ufizi. Hakuna kati ya hayo linaloonyesha kwamba tiba imeshindikana.

Usikimbilie kung'arisha wiki hiyohiyo. Meno ndiyo kwanza yametoka kufunikwa na yatapata ganzi ukinywa kitu cha baridi. Yape miezi michache, mswaki mara mbili kwa siku, dawa ya meno yenye floraidi. Ndiyo, yenye floraidi. Najua wanawake wengi wa kwenu wanaikimbia wakiamini ndiyo iliyowaharibu, lakini madhara yale hutokea utotoni meno yanapojengeka. Mtu mzima hawezi kuyapata kwa dawa ya mswaki, na hayo madoa meupe yanaihitaji. Baadaye rangi ya kahawia ina tiba zake: kuna kusugua tabaka jembamba la juu kwa dawa, kuna kung'arisha, kuna kufunika jino kwa utomvu wa rangi ya jino. Anza na ile inayokwangua kidogo zaidi.

Lakini pia jiulize kama unaitaka. Nusu ya wajomba na mashangazi zako wana meno hayo, na hakuna aliyekosa kitu cha maana maishani kwa sababu yake ila kicheko. Ukiamua kubadilisha rangi nitakuunga mkono, na ukiamua kubaki nayo nitakuunga mkono vilevile. Ninachokuomba ni mkono utoke mdomoni, na uutoe mwezi huu, bila kungoja siku ya koleo.

Mume wako msomee barua hii. Mwambie utani ule mbele ya rafiki zake unakuumiza. Yawezekana hajui, maana umekuwa ukicheka nao. Kisha mpe kazi: aende nawe kwa daktari. Mwulizeni pamoja riteina ni kiasi gani, kama ni moja au mbili, na ikipotea au kuvunjika itatengenezwa upya kwa bei gani. Anza kuweka pesa hiyo kikoba sasa.

Na mwulizeni hili la mwisho, tena mbele kabisa: siku ya kutolewa waya, riteina itakuwa tayari saa ngapi? Zahanati nyingine hutoa waya leo, huchukua vipimo, kisha humwambia mtu arudi baada ya wiki. Wiki hiyo meno hayana kitu kinachoyashika. Kama jibu si siku hiyohiyo, mwombe akupangie tarehe nyingine.