Usinunue Tiketi Tatu Bado

Barua nyingine zitasubiri wiki ijayo. Leo nimeshika moja tu, maana kila nikiisoma naona nyuso za watoto wawili ambao sijawahi kukutana nao.

“Dada, mimi ni mzaliwa wa Chepilat, lakini huu ni mwaka wa 11 naishi Minnesota, kazi yangu ni kutunza wazee. Dada yangu mkubwa alifariki mwaka juzi akaacha msichana ambaye sasa ana miaka 12 na mvulana wa miaka 9. Wanaishi na kogo wao, yaani mama yangu, ambaye bado anachuma majani chai ingawa miguu imechoka. Baba yao yuko hai, alihamia upande wa Narok, na hatujamsikia muda mrefu. Nataka kuja Desemba niwaasili kisheria nirudi nao. Kuna mtu ameniahidi kwamba karatasi zote zitakuwa tayari kwa wiki tatu, nimtumie pesa tu. Ninunue tiketi tatu za kurudi?”

Mdogo wangu, pole kwa msiba. Na ahsante kwa moyo huo. Wengi wetu tukishavuka bahari, hutuma pesa ya karo na kuona tumemaliza. Wewe unataka kuwapa watoto hao nyumba yako, na kwa sababu naupenda moyo huo ndiyo maana nakuomba: tiketi tatu usizinunue bado.

Nianze na huyo wa wiki tatu. Mtumie ujumbe leo umwambie basi. Kwa kawaida sheria yetu inamtaka mtoto akae na mwombaji hapa Kenya, chini ya uangalizi wake, miezi 3 mfululizo kabla ya mahakama kutoa amri ya kumwasili. Kuna ripoti za kuandikwa, kuna mtu wa kuteuliwa kusimamia maslahi ya mtoto mahakamani, kuna kibali cha mzazi aliye hai. Anayekuahidi wiki tatu ana njia moja tu: kughushi. Ataandika kwamba baba amekufa, na karatasi hiyo itamfuata binti yako maisha yake yote.

Usidhani natisha. Agosti 2020 serikali ya Marekani iliwawekea vikwazo majaji wawili na wakili mmoja wa Uganda kwa mpango ambao watoto walichukuliwa kutoka vijijini, wazazi wakiambiwa watoto wanakwenda kusomeshwa, kisha wakaasiliwa Marekani kama mayatima. Ethiopia ilifika mahali ikafunga mlango kabisa Januari 2018. Na hapa kwetu, Novemba 2014, Baraza la Mawaziri lilisimamisha wageni kuwaasili watoto wa Kenya kwa hofu ya biashara ya watoto.

Najua unachotaka kuniambia: “Lakini Dada, mimi si mgeni, kitambulisho changu ni cha kwetu Sotik.” Hapa ndipo wengi wa ng'ambo hujikwaa. Kuna mkataba wa The Hague wa 1993 kuhusu watoto kuasiliwa kutoka nchi moja kwenda nyingine. Kenya iliingia 2007, Marekani 2008. Mkataba huo hauangalii rangi ya pasipoti wala lugha ya mama. Unaangalia mtu anaishi wapi. Mtoto akiishi Chepilat na wewe ukiishi Minnesota, machoni pa mkataba hiyo ni safari ya kuvuka mipaka, hata kama mlinyonya titi moja na mama yake.

Tena kuna utaratibu wake, na hatua zikipinduliwa kazi yote huharibika. Kwanza ni kule unakoishi: mfanyakazi wa jamii aliyeidhinishwa aje akague nyumba yako, kipato chako na afya yako, kisha serikali ya huko ikukubali. Ndipo nchi ya mtoto iseme neno lake. Mahakama inakuja baadaye. Aliyekimbilia amri ya mahakama ya Kenya kwanza anaweza kukuta ubalozi umemnyima mtoto viza, mtoto akabaki wake kwa karatasi na mbali naye kwa maili elfu nane. Sheria ya uhamiaji ya Marekani pia ina saa yake: ombi la mtoto liwasilishwe kabla hajatimiza miaka 16, isipokuwa ndugu wa tumbo moja anayefuata mwenzake, ambaye anaweza kungojwa hadi 18. Binti ana miaka 12. Muda upo, ila si wa kulalia.

Kwa hiyo kabla ya shilingi yoyote kutoka, zungumza na wakili wa uhamiaji huko uliko, na hapa nyumbani uliza Baraza la Kitaifa la Huduma za Watoto kama mlango uko wazi kwa hali kama yako. Mama aende na watoto kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo, apite kwa chifu, na vyeti vya kuzaliwa na cha kifo viwekwe sawa. Baba atafutwe kwa dhati. Akipatikana, asikilizwe. Asipopatikana, mahakama ionyeshwe jinsi alivyotafutwa.

Sasa tuache karatasi, tukae jikoni.

Mtoto mchanga ukimbeba, harufu yako ndiyo inakuwa nyumbani kwake. Mtoto wa miaka 12 tayari ana nyumbani. Anajua njia ya mkato kati ya mashamba ya chai, anajua siku ya soko, na katika mpaka wetu huu wa Bomet na Nyamira huenda anatania kwa Kipsigis na kununua ndizi kwa Ekegusii. Anajua kaburi la mama yake liko upande gani wa boma. Ukimhamisha, unahamisha mtu mwenye historia. Tayari amempoteza mama. Ukimpeleka Minnesota kwenye theluji ya Januari atampoteza na kogo, na itakuwa mara ya pili.

Mimi nililea mtoto wa kaka yangu, alikuja kwangu akiwa na miaka 10. Wiki za kwanza alikuwa malaika, anaosha vyombo bila kuambiwa. Nikajisifu. Mwezi wa tatu nikapata vipande vya kimyet, yaani ugali, vimekauka chini ya mto wake, na nilipouliza, akanifokea kwamba mimi si mama yake. Nililia usiku ule. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa ananipima: nikiwa mbaya, bado utanitaka? Jibu halikuwa maneno. Nilimwekea bakuli la chakula mezani usiku, na asubuhi hakuna aliyeuliza limepungua kiasi gani. Ilichukua karibu mwaka.

Kwa hiyo Desemba njoo. Nunua tiketi moja, ya kwako, ya kwenda na kurudi. Usilale hotelini Kericho. Lala kwa mama. Amka na watoto, beba kikapu uende shambani nao siku ya kuchuma, nenda shuleni ukamwone mwalimu. Usiwaletee viatu vyenye taa kisha uulize kama wanataka kwenda. Hilo si swali, ni mtego.

Muulize binti akiwa peke yake, kwa Kipsigis, mkiwa mnaosha sotet, kibuyu cha maziwa, au mnatembea, maana mtoto mkubwa hujibu vizuri mikono yake ikiwa na kazi. Muulize anaogopa nini. Mvulana muulize kivyake. Watoto wenye umri huu wana haki ya kusikilizwa, na mahakama yoyote ya kweli itataka kujua wanasema nini. Na uamuzi wowote, hao wawili wasitenganishwe.

Kisha kaa na mama yako. Ameshazika binti, usimfanye asikie kwamba unakuja kumnyang'anya alichobakiziwa. Rekodi sauti yake akiwatajia watoto ukoo wao, majina ya waliotangulia, na jina la kurenet aliloitwa kila mmoja alipozaliwa. Sauti hiyo watakuja kuihitaji wakiwa na miaka 20.

Na kama mlango wa kisheria utakuwa umefungwa, au binti akikuambia, “Mama mdogo, sitaki kumwacha kogo,” usione umeshindwa. Sheria ya Watoto ya 2022 inatambua malezi ya ndugu ndani ya ukoo kama malezi halali, na sera ya nchi sasa ni kuwaweka watoto katika familia. Lipa msaidizi wa kuchuma chai ili mama apumzike. Lipa karo moja kwa moja shuleni. Piga simu ya video kila Jumapili saa ile ile, bila kukosa, hata ukitoka zamu ya usiku. Mtoto anayejua Jumapili utapiga, na ukapiga, ana mzazi.

Ukirudi Minnesota mwezi wa kwanza ukiwa umeyasikia majibu yao, niandikie tena. Tutajua kama tiketi inayofuata ni ya wao kuja kwako, au yako wewe kurudi kwao.

Msalimie kogo.