Namba za Darubini: Ukuzaji Mkubwa Si Lazima Uwe Bora

Klabu ya Malihai ya shule ya sekondari ina fedha za kununua darubini moja tu ya macho mawili, kwa ajili ya safari ya kutazama wanyama. Dukani ziko mbili za bei moja: ya kwanza imeandikwa 8×40, ya pili 20×50. Wanafunzi wengi wataichagua ya pili, kwa kuwa namba zake zote ni kubwa zaidi. Somo la mwanga linalofundishwa darasani laonyesha kwamba uchaguzi huo una kasoro.

Maana ya namba

Namba ya kwanza ni ukuzaji. Darubini ya 8 humwonyesha swala aliye umbali wa mita 400 kana kwamba yuko mita 50. Ya 20 humleta hadi mita 20. Namba ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Lenzi hiyo ni mlango wa nuru: kipenyo kikiwa mara mbili, nuru iingiayo huwa mara nne, kwani eneo la duara hufuata mraba wa kipenyo.

Duara la nuru

Namba ya pili ikigawanywa kwa ya kwanza, hupatikana kipenyo cha duara la nuru litokalo kwenye lenzi ya jicho. Kwa 8×40 jibu ni milimita 5. Kwa 20×50 ni milimita 2.5. Katika jua kali mboni ya jicho husinyaa hadi milimita 2 au 3, hivyo mchana tofauti hiyo haionekani sana. Lakini simba, chui na fisi hutembea zaidi jioni, usiku na alfajiri. Mboni ikiwa imepanuka kufikia milimita 5, darubini ya kwanza huijaza nuru. Ya pili hutoa taswira yenye mng'ao wa robo tu ya ile ya kwanza. Mnyama amekuzwa, lakini amegeuka kivuli.

Hasara nyingine

Ukuzaji ukiongezeka, eneo linaloonekana hupungua. Ikiwa pembe ya kuona kwenye lenzi ya jicho ni digrii 60, darubini ya 8 huonyesha digrii 7.5 za mandhari, yaani kama mita 130 kwa umbali wa mita 1000. Ya 20 huonyesha digrii 3, kama mita 52. Ndege arukaye hupotea upesi. Aidha, mtetemo wa mikono hukuzwa pamoja na taswira. Ndiyo maana ukuzaji unaozidi 10 kwa kawaida huhitaji kiweko cha miguu mitatu. Katika mbuga za Serengeti wakati wa adhuhuri, hewa iliyopashwa joto na ardhi hupinda miale, na taswira huchezacheza. Kasoro hiyo haiondolewi na kiweko.

Kwa hiyo 8×40 yafaa zaidi kwa klabu hiyo. Ile ya 20×50 ina kazi yake: kuwatazama korongo na heroe waliotulia ng'ambo ya ziwa, ikiwa juu ya kiweko.

Jaribio

Darubini ielekezwe kwenye anga jeupe, na karatasi nyembamba iwekwe nyuma ya lenzi ya jicho. Karatasi isogezwe mpaka duara la nuru liwe na ukingo dhahiri, kisha lipimwe kwa rula na kulinganishwa na hesabu. Duara lililokatwa pembeni huashiria prizimu hafifu. Darubini hiyo isinunuliwe.

Onyo: darubini isielekezwe kamwe kwenye jua. Retina haihisi maumivu, hivyo jicho laweza kuungua kabla mwenyewe hajatambua.

Maswali

1. Tafuta kipenyo cha duara la nuru la darubini za 7×50 na 10×25.
2. Ni ipi kati ya hizo ifaayo katika msitu wa Amani wakati wa alfajiri? Eleza sababu.