Somo la Wafanyabiashara: Kununua Pikapu Iliyotumika ya Kubeba Kuni

Kuni bado ni biashara kubwa katika Kaunti ya Uasin Gishu. Jikoni mwa shule za bweni, katika hoteli za Jiji la Eldoret na katika viwanda vya majani chai vya kaunti jirani ya Nandi, moto wa kila siku hutegemea mikaratusi na miwati. Miwati ilienea hapa tangu enzi za kampuni ya EATEC, iliyotoa dawa ya kutengenezea ngozi katika magome yake. Leo miti hiyo hukatwa zaidi kwa ajili ya jiko.

Kati ya shamba na jiko lazima pawe na gari. Wengi huanza biashara hii kwa kukodi, kisha wakanunua pikapu iliyotumika kwa pesa za mavuno ya mahindi, za ng'ombe aliyeuzwa au za mkopo wa chama. Pesa za namna hiyo zikipotea huchukua miaka kurudi. Somo hili linaeleza mambo ambayo mnunuzi anapaswa kuyafuata kabla ya kutoa hata shilingi ya kwanza.

1. Kwanza hesabu uzito wa kuni

Kosa la kawaida ni kupenda gari kwanza, kisha kutafuta mzigo wa kulijaza. Mfanyabiashara wa kuni anafaa kuanza upande wa pili: atabeba kilo ngapi, kutoka wapi, mara ngapi kwa juma?

Hesabu yenyewe si ngumu. Ichukuliwe pikapu ambayo sehemu yake ya mzigo ina urefu wa mita 2.2, upana wa mita 1.5 na kimo cha mita 0.5. Ikijazwa hadi ukingoni, nafasi hiyo ni mita za ujazo 1.65. Kuni zilizopangwa huacha mianya. Mti wenyewe huchukua karibu asilimia 60 ya nafasi, yaani kama mita moja ya ujazo. Mkaratusi uliokatwa karibuni una uzito wa takriban tani 1 kwa kila mita ya ujazo. Basi pikapu ya tani 1 iliyojazwa kuni mbichi hadi ukingoni tayari imefika kikomo chake. Mbao zikiongezwa pembeni na kuni zikapangwa hadi kimo cha mita 1, gari hilo limebeba tani 2, mara mbili ya uwezo wake.

Sehemu kubwa ya uzito huo ni maji. Katika kuni mbichi, takriban nusu ya uzito ni maji. Kilo 1,000 za kuni kama hizo zikikauka hadi maji yawe moja ya tano tu ya uzito, hubaki kilo 625. Kilo 375 zilizotoweka ni maji ambayo mwenye gari angeyalipia dizeli, tairi na springi, na ambayo mpishi wa shule angelazimika kuyachemsha kwanza kabla ya kupata moto. Anayepasua kuni na kuzikausha shambani wakati wa kiangazi cha Desemba hadi Februari, akaziinua kutoka ardhini na kuzifunika juu, huongeza uwezo wa gari lake bila kununua gari kubwa zaidi.

2. Kuchagua gari linalolingana na kazi

Pikapu nyingi za kebini moja zinazoonekana Eldoret, kama vile Isuzu D-Max na Toyota Hilux, zimeundwa kubeba mzigo wa kama tani 1. Zile za kebini mbili zina sehemu fupi ya mzigo, kwa hivyo hazifai sana kwa kuni. Pikapu ya Toyota Land Cruiser ina chesisi nzito na huvumilia matope ya Kipkabus au Kaptagat wakati wa mvua, lakini bei yake iko juu na mzigo wake ulioandikwa hauendi mbali sana na tani moja. Anayetaka kubeba tani 3 kwa safari moja anahitaji lori dogo lenye tairi mbili mbili nyuma, kama Canter. Pikapu iliyoongezwa springi haiwezi kufanya kazi hiyo.

Jambo hili la springi linahitaji kueleweka vizuri. Fundi anaweza kuongeza bapa za springi ili gari lisikae chini likipakiwa. Kuongeza springi hakubadilishi breki, ekseli, chesisi wala uzito ulioandikwa kwenye logibuku. Gari husimama wima na kuonekana halijalemewa, lakini kwenye mteremko breki ni zile zile za tani 1.

Wenye magari makubwa wakumbuke pia kwamba Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 kuhusu uzito wa magari inayahusu magari ambayo uzito wake wote, pamoja na mzigo, ni kilo 3,500 au zaidi. Magari hayo hupimwa kwenye mizani, kama ile ya Webuye kwa wanaoelekea magharibi na ile ya Gilgil kwa wanaoelekea Nairobi.

3. Kukagua gari kuanzia chini

Rangi inayong'aa na viti vipya havibebi kuni. Mnunuzi aende na fundi anayemwamini, asiye rafiki wa muuzaji wala wa dalali, na aende mchana. Gari likaguliwe likiwa halijaoshwa chini, kwa utaratibu huu:

Chesisi. Fundi alale chini na tochi. Nyufa hujitokeza zaidi nyuma ya kebini na mahali springi zinaposhikwa. Rangi nyeusi mbichi sehemu moja tu, au alama za kuchomelea, ni sababu ya kuuliza maswali. Chesisi iliyopinda au kukatika ni sababu ya kuondoka.

Springi. Gari likiwa tupu, springi za nyuma zinapaswa kuwa na upinde. Zikiwa zimenyooka, au upande mmoja uko chini kuliko mwingine, gari hilo limezidishiwa mzigo kwa muda mrefu. Bapa zilizoongezwa zinaonyesha jambo hilo hilo.

Sehemu ya mzigo. Maganda ya kuni hushika unyevu na kulisha kutu. Zulia la mpira liondolewe, na sakafu igongwe kwa kifundo cha kidole. Bati lililooza hutoa sauti butu.

Tairi. Zikiwa zimeisha upande mmoja, huenda ekseli imepinda au gari limegongwa. Kwenye ubavu wa tairi kuna tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa: 2319, kwa mfano, ni juma la 23 la mwaka 2019. Kwa kazi ya mizigo zitafutwe tairi zenye alama ya LT au C, si za gari dogo.

Injini. Gari liwashwe asubuhi likiwa baridi. Mnunuzi aguse boneti kwanza. Ikiwa na joto, muuzaji ameliwasha mapema na huenda anaficha jambo. Moshi wa buluu unaonyesha oili inaungua. Moshi mweusi mwingi unaonyesha dizeli haiungui vizuri. Moshi mweupe usiokwisha hata injini ikipata joto unaweza kumaanisha maji yanaingia ndani ya injini. Oili yenye rangi ya maziwa ni onyo la aina hiyo hiyo.

Mita ya kilomita. Ikisoma kilomita chache huku pedali za klachi na breki zimelika hadi chuma, pedali ndizo za kuaminiwa.

4. Kulijaribu gari mlimani, likiwa na mzigo

Kulizungusha gari tupu katikati ya jiji hakutoshi. Eldoret iko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na Timboroa iko zaidi ya mita 2,700. Hewa ya huku juu ni nyepesi. Injini isiyo na tabochaja hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda. Gari lililokwenda vizuri Mombasa linaweza kuchoka kabla ya kufika Burnt Forest.

Mnunuzi aombe kulijaribu gari likiwa na mzigo usiozidi kiasi kilichoandikwa, kwenye barabara yenye mlima. Injini ikipandisha sauti lakini mwendo usiongezeke, klachi imekwisha. Mshale wa joto ukipanda, rejeta au pampu ya maji ina kasoro. Sauti ya kugonga wakati wa kuondoka huenda inatoka kwenye shafti au difu. Baada ya hapo gari ligeuzwe na kuteremshwa kwa gia ndogo: je, breki zinashika sawasawa, au gari linavuta upande mmoja? Pedali ikizama polepole mguu ukiwa juu yake, breki zinahitaji kazi kabla ya gari kubeba chochote. Breki ya mkono nayo ijaribiwe mlimani.

Muuzaji anayekataa jaribio la namna hii amekwisha kumjibu mnunuzi.

5. Karatasi kabla ya pesa

Gari zima lenye karatasi mbovu ni hasara sawa na gari bovu. Mambo haya yafanywe kwa mpangilio:

Kwanza, mnunuzi atafute rekodi za gari kupitia huduma za NTSA kwenye eCitizen. Jina la mwenye gari, nambari ya chesisi na nambari ya injini zilingane na logibuku na pia na zilizochongwa kwenye gari lenyewe.

Pili, aangalie kama benki au mkopeshaji ameandikwa kuwa mmiliki pamoja na muuzaji. Gari hilo haliwezi kuhamishwa hadi mkopeshaji akubali. Tangu Sheria ya mwaka 2017 ya dhamana za mali inayohamishika, ipo pia sajili ya dhamana inayoweza kutafutwa kupitia eCitizen.

Tatu, asome uzito wa mzigo ulioandikwa kwenye logibuku na kuulinganisha na hesabu yake ya kuni. Gari la biashara linahitaji ukaguzi wa kila mwaka, na kodi ya mapema inayolipwa kwa KRA hutegemea tani za gari. Bima nayo iandikwe kuwa ya kubeba mizigo. Bima ya matumizi binafsi inaweza kukosa kulipa ajali ikitokea gari likiwa na kuni za mteja.

Nne, mkataba wa mauzo uandikwe na kutiwa sahihi mbele ya mashahidi, na malipo yapitie benki au njia nyingine inayoacha kumbukumbu. Muuzaji ndiye anayeanzisha uhamisho kwenye mfumo, naye mnunuzi hukubali. Chini ya Sheria ya Trafiki, gari halipaswi kutumiwa barabarani zaidi ya siku 14 baada ya kuuzwa bila mmiliki mpya kusajiliwa. Sheria humhesabu aliyeandikwa kuwa ndiye mwenye gari hadi ithibitishwe vinginevyo, kwa hivyo kuchelewa kunaweza kumponza muuzaji pia. Wasio na intaneti wanaweza kupata usaidizi katika Huduma Centre ya Eldoret.

6. Kuni ziwe halali

Gari likishapatikana, mzigo wake nao unahitaji karatasi. Mazao ya misitu ya umma husimamiwa na Shirika la Huduma za Misitu, KFS, chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2016. Dereva awe na risiti na kibali cha usafirishaji, na afuate tarehe, njia na kiasi kilichoandikwa humo. Anayenunua miti ya shamba la mtu aulize kwanza katika ofisi ya KFS iliyo karibu na katika ofisi ya mapato ya kaunti ni vibali na ada gani zinazohitajika. Aliyebeba mazao ya misitu kinyume cha sheria anaweza kupoteza kuni, na mahakama inaweza kuamuru gari nalo litwaliwe.

Mnunuzi anayetegemea mkopo atafakari jambo moja zaidi. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na marufuku hayo yalidumu hadi mwaka 2023. Msitu ukifungwa, marejesho ya mkopo hayafungwi. Ni busara kuwa na chanzo cha pili cha kuni, kama mashamba ya watu binafsi, na gari linaloweza kubeba mahindi, viazi au nyasi za mifugo kuni zikikosekana.

Zoezi kwa vikundi na vyama

1. Pimeni sehemu ya mzigo ya gari mnalolitaka. Je, litafikisha tani 1 ya kuni mbichi kuni zikiwa kimo gani? Na kuni kavu?

2. Orodhesheni wateja wenu na idadi ya safari za juma moja. Je, mapato yanatosha dizeli, tairi, bima, ukaguzi, wapakiaji na marejesho ya mkopo?

3. Mteueni mtu mmoja atakayeshughulikia karatasi na mwingine atakayekwenda na fundi. Pesa zisitoke hadi wote wawili waseme ndiyo.

Kikundi ambacho hakijaweza kujibu maswali haya matatu kiendelee kukodi gari kwa msimu mmoja zaidi, kikiandika kila safari kwenye daftari. Msimu ukiisha, daftari hilo litaonyesha gari la ukubwa gani linahitajika, au kama kununua gari kunahitajika kabisa.