SOMO LA WANACHAMA: CHOMBO KIKUBWA AU VIDOGO?



Katika madarasa yetu ya Dzaleka na Lilongwe limeulizwa swali moja mara nyingi. Petroli imekuwa adimu Malawi katika miaka ya karibuni, na boti za mashine hulala ufukweni. Kwa nini tusitumie tanga? Na kama ni tanga, fedha zetu za pamoja tujenge chombo kimoja kikubwa au vidogo kadhaa, vya kubeba samaki na mizigo huko Salima?

Swali hili si la mzaha. Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu elfu 10 hadi 12, na sasa wamepita elfu 50. Shilingi ya mtu wa hapo, au kwacha yake, haina nyingine nyuma yake. Tena miongoni mwetu wamo mafundi wa mbao na wana wa wavuvi kutoka Uvira, Baraka na Kalemie. Basi tupige hesabu kabla ya kushika shoka.

Tuchukue vyombo viwili vya umbo moja. Kimoja kina urefu wa mita 6, sawa na ngalawa nyingi za pwani. Cha pili ni mita 12, kinakaribia jahazi dogo la Lamu. Urefu umezidi mara 2. Je, mengine yamezidi mara ngapi?

1. MZIGO. Chombo kimeongezeka urefu, upana na kina. Mbili mara mbili mara mbili ni 8. Kidogo kikichukua tani 1, kikubwa kitachukua tani 8. Lakini mbao nazo ni mara 8, na misumari na kalafati haviko nyuma. Kwa mbao za kikubwa kimoja tungeweza kuunda vidogo 8.

2. MWENDO. Hapa wengi hukosea. Chombo cha tanga kinachokata maji hufungwa na wimbi lake chenyewe. Kanuni ya mabaharia ni hii: tafuta kipeuo cha pili cha urefu wa chombo majini kwa mita, kisha zidisha kwa 4.5, utapata mwendo wa juu kwa kilomita kwa saa. Cha mita 6 hupata kama 11, cha mita 12 hupata 15 na nusu. Urefu mara 2 haukuleta mwendo mara 2.

3. UPEPO MDOGO. Tanga limeongezeka mara 4 tu, uzito mara 8. Kila tani ya chombo kikubwa inavutwa na nusu ya tanga. Upepo ukilegea, kidogo kitaondoka na kikubwa kitangoja.

4. UPEPO MKALI. Sasa kikubwa kinalipa deni. Nguvu ya kukilaza imezidi mara 8, lakini nguvu yake ya kusimama imezidi mara 16. Ngalawa hujisaidia kwa mirengu ya ubavuni, lakini mawimbi makubwa si mwenzake. Tukumbuke Ziwa Malawi lina urefu wa kilomita 560 na zaidi, na upepo wa Mwera huvuma kwa nguvu hasa kati ya Mei na Agosti. Watu wengi wamezama kwa Mwera. Mwenye chombo kidogo hana budi kukubali siku nyingi za kukaa pwani bila mapato.

5. KUPANDISHA PWANI. Jahazi la Lamu au Zanzibar huegeshwa maji yakijaa. Yakipwa, mabaharia husugua na kupaka deheni. Ziwa Malawi halina kujaa na kupwa kwa namna hiyo. Cha mita 6 watavuta watu wachache juu ya magogo. Cha mita 12 kitataka njia maalumu ya kukipandishia, na hiyo ni gharama mpya.

6. MIKONO. Hapa ndipo chama kinapohusika. Kidogo kinataka watu 2. Tukikadiria kikubwa kinataka 7, kwa sababu ya uzito wa foromali na tanga, basi tani 8 zitabebwa na watu 7. Kwa vidogo zitabebwa na watu 16. Tajiri atasema kikubwa ni nafuu. Ni nafuu kwake, kwani ameondoa vibarua 9. Sisi tunatazama pia watu waliobaki pwani.

Kwa hesabu hiyo tunashauri hivi. Tuanze na vidogo viwili, tusitumie fedha zote. Kimoja kikivunjika, cha pili kinaendelea kulisha. Chombo kikubwa kingeweka akiba yote juu ya nanga moja. Baada ya misimu miwili, tukiwa na manahodha waliozoea Mwera na mahali pa kupandishia chombo, tuzungumze juu ya kikubwa.

Kanuni za Malawi zinamtaka mkimbizi aishi kambini. Kwa hiyo mafundi wa Dzaleka watahitaji kibali cha kwenda ziwani, na kazi ya kila siku majini itakuwa ya wenzetu wa Salima. Kwa sababu hiyo mambo matatu yaandikwe kabla ubao wa kwanza haujakatwa: fungu la chombo, fungu la mabaharia na fungu la waliotoa fedha, nahodha awe na haki ya kukataa kutoka upepo ukiwa mbaya, bila kukatwa kitu, na kila mtu avae jaketi la kuokoa maisha, liwe zima.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Chombo cha mita 9 kitabeba mara ngapi zaidi ya kile cha mita 6?
2. Siku za Mwera mabaharia wasipotoka, nani awalishe?
3. Chombo kikizama, hasara igawanywe vipi kati ya Dzaleka, Lilongwe na Salima?

Kila tawi lijibu kwa maandishi.