Hedhi za Mwanzo: Daktari Anajibu

Dokta, binti yangu wa miaka 11 ana kitufe kigumu chini ya chuchu moja, na kinamuuma. Ni uvimbe?

Hapana, mama. Ni titi linaota, na mara nyingi moja hutangulia. Kwa wengi balehe huanza hivyo, kati ya miaka 8 na 13. Msilikande. Hedhi hufuata baada ya miaka miwili hivi, kwa hiyo zungumza naye sasa, usingoje arudi shuleni analia.

Nilivunja ungo mwaka jana. Mwezi huu napata, miwili inayofuata sipati. Nina tatizo?

Huenda huna, mwanangu. Miaka ya mwanzo mara nyingi yai halipevuki, na lisipopevuka hedhi hukosa mpango. Mzunguko wa siku 21 hadi 45 ni wa kawaida kwa umri wako. Tia alama kwenye kalenda kila damu inapoanza. Ikipita miezi mitatu mfululizo bila kitu, njoo kliniki. Aliyekwisha kulala na mwanaume apime mimba kwanza.

Wangu ana miaka 14. Siku ya kwanza anajikunja, anatapika, shule haendi. Bibi yake anasema akizaa yatakwisha.

Bibi hajakosea sana, wapo wanaopata nafuu wakishazaa. Lakini huyu ni mwanafunzi! Mfuko wa uzazi hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini, zinazoubana msuli wake. Zikizidi huleta hata kutapika na kuharisha. Ibuprofeni huzuia zisitengenezwe, ndiyo maana anayeimeza maumivu yakishapamba moto huona haifanyi kazi. Ameze mara tu yanapoanza, akiwa amekula, kwa kipimo atakachopewa na mfamasia. Mwenye pumu au vidonda vya tumbo aulize kwanza. Chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kanga, chini ya kitovu, nayo husaidia. Miezi mitatu ikipita bila nafuu, mlete: endometriosisi, yaani tishu kama za utando wa mfuko wa uzazi kuota nje yake, huwapata wasichana pia, na hucheleweshwa kugunduliwa kwa sababu wameambiwa wavumilie.

Nitajuaje damu imezidi?

Pedi inalowa kila saa moja au mbili, mabonge makubwa yanatoka, au siku 7 zinapita bado anatoka. Binti wa namna hiyo huitwa mvivu: anasinzia darasani, anahema akipanda ngazi, na ukimpekua mfukoni unakuta udongo wa kutafuna. Apimwe wingi wa damu kabla hajagombezwa. Ikiwa ni hivyo tangu hedhi ya kwanza, mwambie daktari, kwani yapo matatizo ya kurithi ya damu kutoganda. Nyumbani ale maini, dagaa, maharage, na mchicha uliokamuliwa limau. Chai isubiri saa moja baada ya chakula, maana huzuia mwili kufyonza madini ya chuma.

Pedi ni ghali, tunatumia vitambaa. Vina madhara?

Havina, vikiwa safi. Tanzania iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye pedi mwaka 2018, ikairudisha 2019, kwa hiyo sikulaumu. Vifue kwa sabuni, uvianike juani hadi vikauke kabisa. Kuvificha chini ya godoro vingali na unyevu ndiko kunakoleta muwasho.