Bamba la Kuinulia Silinda: Mwongozo kwa Mjenzi wa Injini ya Mipigo Miwili ya Mashindano

Injini ya mipigo miwili ya kawaida haina valvu za juu. Pistoni yenyewe ndiyo inayofunua na kufunika matundu yaliyo ukutani mwa silinda. Kwa hiyo ukiinua silinda hata kwa milimita moja, muda wa matundu yote hubadilika. Hilo ndilo la kukumbuka kabla ya kuweka bamba, ambalo mafundi huliita spesa: kipande bapa cha aluminiamu kinachokaa kati ya kasha la krenki na silinda.

Mfano wetu ni Yamaha RD350LC ya 1980 na Banshee iliyofuata 1987. Zote zina silinda mbili, kipenyo cha mm 64, mpigo wa mm 54 na konrodi ya mm 110. Wajenzi wa injini za mashindano hupenda kuzifungia krenki ya mpigo wa mm 58, na ujazo ukapanda kutoka cc 347 hadi cc 373.

Hatua ya 1: Jua sababu. Bamba huwekwa kwa sababu tatu: mpigo umerefushwa, konrodi imerefushwa, au unataka tu matundu yafunguke mapema zaidi. Kila sababu ina hesabu yake.

Hatua ya 2: Tafuta unene. Konrodi ikizidi kwa mm 5 na pistoni ni ileile, inua silinda mm 5. Mpigo ukizidi kwa mm 4, pistoni hupanda mm 2 zaidi na kushuka mm 2 zaidi, hivyo inua mm 2 tu. Usisahau gasketi ya pili: ikibanwa ikabaki mm 0.5, bamba liwe mm 1.5.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya nyuzi za mzunguko wa krenki ambazo kila tundu linakaa wazi. Hapa ndipo wengi huteleza. Tuseme pistoni ikiwa juu kabisa, ukingo wa juu wa tundu la moshi uko mm 27 chini ya uso wake, na ule wa matundu ya kupitishia mchanganyiko uko mm 40.

- Mpigo wa mm 54: moshi nyuzi 194, mchanganyiko nyuzi 136.
- Mpigo wa mm 58 na bamba la mm 2: moshi 203, mchanganyiko 151.
- Mpigo wa mm 58 bila bamba, hedi ikichongwa: moshi 195, mchanganyiko 142.

Bamba limerudisha pistoni mahali pake kule juu, lakini halikurudisha muda wa matundu. Nyuzi 203 zinafaa injini inayokimbia kwenye mizunguko ya juu; mizunguko ikishuka, itakuwa legevu. Tena, muda wa moshi kutoka kabla mchanganyiko haujaingia umepungua kutoka nyuzi 29 hadi 26. Ukitaka nguvu za katikati, chonga hedi na uache bamba.

Hatua ya 4: Chonga bamba. Tumia gasketi ya chini kama kielelezo. Pande zote mbili ziwe bapa na sambamba. Njia za mchanganyiko kwenye bamba zilingane na za kasha na za silinda, bila ngazi inayokatiza mkondo. Stadi fupi zibadilishwe: nati lazima ishike nyuzi zake zote.

Hatua ya 5: Funga kikavu, upime. Zungusha krenki kwa mkono. Pistoni ikiwa chini kabisa, hakikisha sketi yake haigusi krenki. Angalia pia sakafu ya matundu: katika mfano wetu, kama awali ilikuwa sawa na uso wa pistoni, sasa iko mm 4 juu yake na inaziba njia, hivyo itashushwa kwa kuchonga. Kisha weka vipande vya waya wa lehemu juu ya pistoni, upande wa kushoto na wa kulia, kwenye mstari wa pini, funga hedi na uzungushe. Waya uliobanwa ukingoni hukuonyesha nafasi iliyobaki. Mm 1 hivi ni lengo zuri kwa injini ya ukubwa huu.

Hatua ya 6: Angalia vilivyounganishwa. Silinda ikipanda, ekzosi hupanda nayo. Usiilazimishe kwa bolti. Rekebisha vishikizo vyake.

Hatua ya 7: Jaribu uvujaji. Bamba limeongeza ungio moja. Ziba kabureta na ekzosi, jaza hewa kwa shinikizo la psi 6 hivi, na isubiri dakika kadhaa bila kushuka. Ikivuja, hewa ya ziada itapunguza petroli kwenye mchanganyiko, joto litapanda na pistoni itashika.

Muuzaji akikupa bamba bila kukuuliza urefu wa mpigo, konrodi na aina ya pistoni yako, usilinunue.