Mizinga yetu imebaki ndani ya hifadhi

SWALI: Ndugu mtaalamu, babu zetu walirina asali Ugalla. Tangu iwe Hifadhi ya Taifa, mizinga imebaki ndani, nasi tuko nje. Tukimbana mbunge wetu itasaidia? – Mfugaji nyuki, Mpanda

JIBU: Itasaidia, ila mjue mnaomba nini. Mkuu wa hifadhi hana mamlaka ya kuwaruhusu. Sheria ya hifadhi za taifa haina nafasi ya mzinga. Hadhi ya Ugalla ilipandishwa mwaka 2019 kwa ridhaa ya Bunge, na kuishusha nako hupitia humohumo Dodoma.

Jambo hilo limewahi kutokea. Hifadhi ya Kigosi nayo ilipandishwa mwaka uleule, warinaji wakalia kilio kama chenu, na baadaye Bunge likaridhia kuifuta hadhi hiyo ili irudi kuwa msitu wa hifadhi, nyuki wafugwe.

Basi msiende kwa mbunge na malalamiko ya mdomo. Anzeni na mkutano mkuu wa kijiji. Muhtasari upigwe muhuri. Ambatisheni majina ya kambi, idadi ya mizinga, vibali vya zamani (hata kile kilicholiwa na mchwa pembeni) na ramani, japo ya kuchora kwa mkono. Nakala moja iende halmashauri, nyingine kwa kamati ya Bunge inayosimamia maliasili. Mbunge mwombeni aulize swali la msingi: jibu la waziri huingia kwenye Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, mkaweza kudai utekelezaji wake.

Mkiona kufuta hadhi ni mlima mrefu, ombeni eneo mbadala la manzuki kwenye misitu ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Binafsi ningeanzia hapo, maana msimu haungoji Bunge.